Bango la Roki au Bango la Filamu: Uanze Kukusanya Lipi?

Mezani kwangu pana karatasi mbili. Ya kwanza ni ndogo, inchi 14 kwa 20, na herufi zake zimevimba na kupinda kama moshi wa udi. Utakodoa macho dakika nzima kabla hujajua nani alipiga muziki, wapi na tarehe ngapi. Ya pili ni kubwa, inchi 27 kwa 41, ina mikunjo mitatu ya kulala na mmoja wa kusimama. Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi, inakumbusha kwamba hii ni mali ya msambazaji, sinema imepewa kwa ajili ya kuitangazia filamu tu, na ikimaliza inatakiwa iirudishe.

Wanaoniuliza waanze na lipi huwa wanataka jibu la neno moja, nami sina. Ila nimegundua kwamba karibu kila tofauti ya maana kati ya haya mawili inatoka hapo pa herufi za sisimizi. Bango la roki la miaka ya 60 lilipobandikwa, watu walilibandua wakaenda nalo nyumbani, na mwenye tamasha akafurahi. Bango la filamu lilitakiwa lirudi lilikotoka. Moja lilizaliwa zawadi, jingine lilizaliwa kifaa cha kazi. Bei zake, hali zake na hata utapeli wake vinafuata njia hizo mbili.

Nikisema roki hapa nina maana hasa ya San Francisco, kati ya 1966 na 1971, maana ndiko mchezo huu ulikoanzia. Kwa filamu nachukua mabango ya Marekani na Ulaya ya tangu miaka ya 40 hadi ya 80, na nitapita Bombay kidogo, kwa sababu utakazoziona.

Vigezo

Nayapima yote mawili kwa mambo sita: yalikotoka, ugumu wa kujua halisi na bandia, hali ya karatasi inayokubalika, pesa, nafasi na utunzaji kwenye joto letu, na urahisi wa kuyapata mtu akiwa huku kwetu. La pili ndilo linaloumiza watu, kwa hiyo nitakaa nalo zaidi.

Yalikotoka

*Roki.* Mwaka 1966 San Francisco ilikuwa na kumbi mbili zinazoshindana. Fillmore Auditorium ilikuwa chini ya Bill Graham, mfanyabiashara hasa. Avalon Ballroom ilikuwa ya Chet Helms na kundi lake la Family Dog. (Mzee wa Dar akisikia Avalon anakumbuka sinema ya mjini, hiyo ni Avalon nyingine kabisa.) Tamasha jipya, bango jipya, karibu kila wiki, na wachoraji watano wakapata majina makubwa kwa kazi hiyo: Wes Wilson, Victor Moscoso, Rick Griffin, Stanley Mouse na Alton Kelley. Wilson aliziokota herufi zake kwa Alfred Roller, mchoraji wa Vienna wa mwanzoni mwa karne ya 20, akazivimbisha mpaka zikajaza kila pembe. Moscoso alikuwa amesoma Yale kwa Josef Albers, mwalimu wa rangi, akachukua kila alichokatazwa kufanya akakifanya: anaweka nyekundu na buluu zenye nguvu sawa bega kwa bega mpaka macho yanacheza. Mouse na Kelley, kwa bango la bendi ya Grateful Dead la Septemba 1966, walichukua mifupa yenye taji la waridi kutoka mchoro wa Edmund Sullivan uliopamba mashairi ya Omar Khayyam. Hilo ni namba 26 ya Family Dog, na watu hulitaja kwa namba kama vile wanavyotaja basi.

Pembeni kuna ukoo mwingine wa mabango ya muziki ambao wageni huupita: yale ya kadibodi ngumu, majina makubwa meusi juu ya mikanda ya rangi kali, mtindo uleule wa mabango ya ndondi. Kiwanda cha Globe cha Baltimore kiliyatoa kwa wingi kwa ajili ya wanamuziki weusi wa soul. Hayana falsafa yoyote. Yanapiga kelele tu, nami nayapenda kwa hilo.

*Filamu.* Tangu 1940 kampuni ya National Screen Service ndiyo iliyokuwa ikisambaza sehemu kubwa ya mabango ya sinema Marekani, hadi miaka ya 80. Bango lilitoka kiwandani likiwa limekunjwa, likapelekwa ghala la mkoa, likakodishwa kwa sinema, likarudi, likaenda sinema ya pili na ya tatu mpaka lichoke. Wakati wa Vita Kuu ya Pili karatasi kuukuu ilikusanywa Marekani na kurudishwa viwandani, na mabango mengi ya kabla yake yakaenda njia hiyo. Yaliyobaki yalibaki kwa bahati: yaliyogandishwa ukutani na kufunikwa na mengine, yaliyosahauliwa na mwendesha mitambo, yaliyowekwa chini ya zulia kuzuia baridi.

Utajiri wa filamu uko kwingine: kila nchi ilichora bango lake. Filamu moja ya Marekani ina sura nyingine Italia, nyingine Ufaransa, nyingine Uingereza ambako bango hulala ubavu, inchi 30 kwa 40. Na Poland, ambako wachoraji kama Henryk Tomaszewski, Jan Lenica na Waldemar Świerzy hawakulazimishwa kuweka sura ya nyota wa filamu, walichora walichokielewa wao. Kuna mabango ya Kipolandi ambayo ukiyaona huwezi kukisia ni ya filamu gani hata upewe siku tatu.

Halisi, marudio na bandia

*Roki.* Hapa swali lako la kila siku litakuwa: ilichapwa lini? Watu walipoanza kubandua mabango kwenye nguzo za umeme, wenye kumbi waliona kuna biashara wakayachapa tena kwa kuuza. Kwa hiyo bango moja linaweza kuwa na chapa ya kwanza, iliyotolewa kabla ya tamasha kwa kulitangaza, kisha ya pili na ya tatu baada ya miezi au miaka. Zote ni za kweli, zimetoka kwa wenyewe. Lakini tofauti ya bei kati ya ya kwanza na ya tatu inaweza kuwa mara kumi na zaidi, na tofauti ya macho ni ndogo kama unyoya: karatasi nzito kidogo, wino uliopauka, alama ndogo pembeni ya namba, milimita chache za upana. Wakusanyaji wameziandika tofauti hizi namba kwa namba. Anayeingia kwenye roki bila kuzisoma ni kama anayenunua kiwanja bila kuona hati.

Juu ya marudio hayo kuna bandia zenyewe. Silaha yangu ni kioo cha kukuzia cha sonara. Mabango mengi ya enzi ile yalichapwa kwa rangi za kumimina, yaani herufi nyekundu ni nyekundu tupu kutoka ukingo hadi ukingo. Aliyepiga picha bango na kulichapa upya hutoa herufi zilizojaa vitone vidogo vya rangi nne, kama picha ya gazeti. Ukiona vitone mahali palipotakiwa pawe na rangi tupu, rudisha.

Silaha ya pili ni ile taa ya buluu ya kukagulia noti, iliyopo kila duka la jumla. Karatasi iliyotiwa dawa ya kung'arisha huwaka nyeupe chini yake. Kwa baadhi ya namba za roki, chapa ya kwanza haiwaki na za baadaye zinawaka. Usiifanye hakimu wa kila kitu, lakini haidanganyi kwa makusudi.

*Filamu.* Huku maswali ni mawili: ni ya mara ya kwanza ya filamu kutoka, au ya iliporudishwa sinema? Na ni ya nchi gani? La kwanza mara nyingi unajibiwa na bango lenyewe. Mabango ya National Screen Service yana namba chini, tarakimu mbili za mwaka, mkwaju (/), kisha namba ya filamu. Ikitanguliwa na herufi R, ujue filamu ilikuwa imerudishwa. Bango la R si bandia na linaweza kuwa zuri kuliko la kwanza, ila usilipe bei ya la kwanza.

Bandia za filamu nyingi ni za kivivu, na bado zilinipata. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua mtandaoni bango la filamu ya miaka ya 70. Muuzaji alipiga picha safi: mikunjo inaonekana, hata karatasi iliyochakaa pale mikunjo inapokutana. Likafika kwenye bomba la boksi. Nikalitandaza kitandani, nikapitisha kidole juu ya mkunjo, kidole kikapita kama juu ya kioo. Mkunjo ulikuwa picha ya mkunjo. Mtu alichukua bango halisi, akalipiga picha na mikunjo yake, matundu yake ya pini na doa lake la chai, akachapa kwenye karatasi inayoteleza kama kalenda mpya ya benki. Nilipochukua futi, lilikuwa inchi 24 kwa 36, kipimo cha mabango ya kuuzia vijana madukani, wala si 27 kwa 41. Futi ya fundi cherehani ingeniokolea pesa ile.

Kwa haki, bandia za juu kabisa za filamu, hasa za filamu za kutisha za miaka ya 30, zimewahi kuwapiga hata wataalamu. Lakini mimi na wewe hatuko kwenye soko hilo.

Onyo moja kwa upande wa roki, hasa kwa wanaomtafuta Freddie Mercury kwa sababu ni mtoto wa Zanzibar. Sehemu kubwa ya mabango ya Queen yanayouzwa kama "ya zamani" ni ya kubandika chumbani, yaliyochapwa kwa maelfu na kuuzwa madukani. Bango la tamasha lina ukumbi na tarehe. La duka la sahani za muziki lina jina la albamu na la kampuni. Lenye sura peke yake ni la chumbani. Yote matatu yanakusanywa, ila bei haziko mtaa mmoja.

Hali ya karatasi

Watu wa roki ni wagumu. Kwao tundu la pini ni dosari, mkunjo ni dosari kubwa, na kona iliyovunjika hushusha bei. Ni haki yao: mabango mengi yalienda nyumbani siku ileile, yakawekwa bapa, na safi yapo. Kampuni ya CGC ya Marekani hata huyapima kwa alama hadi 10 na kuyafunga ndani ya plastiki ngumu, ukabaki kuliangalia bango lako kama samaki wa mapambo. Mimi siwezi. Karatasi nataka niiguse.

Watu wa filamu ni wapole zaidi. Mkunjo ni alama ya kuzaliwa, kwa sababu kabla ya miaka ya 80 bango lisilokunjwa lilikuwa la nadra. Pia wanakubali bango kugandishwa juu ya kitambaa cha turubai kwa gundi ya ngano, na mafundi wazuri huziba matundu na kurudishia rangi. Mtu wa roki ukimpelekea bango lililogandishwa hivyo atakuuliza unaficha nini huko nyuma, kwa kuwa mgongo wa karatasi kwake ni ushahidi.

Pesa

Bei za magazetini ni hizi: bango la kadibodi la tamasha la Beatles kwenye uwanja wa Shea, New York, 1966, liliuzwa dola 275,000 mwaka 2022. Bango la filamu ya Dracula ya 1931 lilifika dola 525,800 mwaka 2017, na la Metropolis ya 1927 lilikuwa limeshauzwa dola 690,000 mwaka 2005. Zisome kisha uzisahau.

Kwenye roki bei inaendeshwa na vitu vitatu: bendi, mchoraji na chapa. Ukilegeza kimoja, bei inaanguka. Chapa ya baadaye ya bango zuri la Fillmore mara nyingi hupatikana chini ya dola 100, na kadi za posta zenye mchoro uleule, zilizotumwa majumbani kutangaza tamasha, kwa chini ya hapo. Kwa mtu mwenye mfuko mwepesi hizo kadi ni siri nzuri: ni za wakati uleule, wino uleule, na zinaingia kwenye albamu ya picha za harusi.

Kwenye filamu bei inaendeshwa na jina la filamu kuliko uzuri wa mchoro. Ndiyo maana bango baya la filamu maarufu ni ghali na bango la ajabu la filamu iliyosahaulika ni rahisi. Hapo ndipo mwenye jicho anapofaidika. Kama unampenda mwigizaji fulani lakini bango la Kimarekani limekushinda, tafuta la Kiitaliano au la Kipolandi la filamu hiyohiyo, au zile kadi za ukumbini za inchi 11 kwa 14 zilizokuja kwa seti ya nane.

Nafasi, jua na unyevu

Bango la roki la San Francisco linakaa juu ya dawati. Matano yanakaa kwenye ukuta mmoja wa chumba cha kupanga. La filamu ni karibu sentimita 69 kwa 104, na ukishaliwekea fremu na kioo linahitaji misumari ya kweli na mke, mume au mama mwenye nyumba aliyeridhia. Fremu yenyewe inaweza kuzidi bei ya bango.

Maadui ni walewale kwa yote mawili. Jua linakula nyekundu na njano kwanza na kukuachia buluu. Mabango ya roki yenye rangi za kung'aa ndiyo yanayofifia haraka zaidi. Unyevu wa Mombasa, Tanga au Dar unaipinda karatasi na kuitia madoa ya kahawia. Mwambie fundi fremu asigandishe chochote kwa gundi wala selotepu, aweke kadibodi isiyo na asidi nyuma, na karatasi isiguse kioo. Kuta za nje, zinazolowa masika, ziache. Yasiyotundikwa yalaze bapa kwenye mifuko ya plastiki ya poliesta, na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu uvitie ndani ya droo. Na uinue droo kutoka sakafuni. Mchwa hajui Moscoso ni nani.

Mwenye ghorofa lenye kiyoyozi Nairobi, Muscat au Toronto ataliona jambo hili dogo. Kwetu pwani ndilo linaloamua kama utarithisha kitu au vumbi.

Kuyapata ukiwa huku

Roki ya San Francisco haikufika huku kwa karatasi. Utanunua mtandaoni au kwa ndugu aliye ughaibuni. Inasafiri kwenye bomba au ubapa kati ya kadibodi mbili, na udogo wake unasaidia. Bango la filamu lililokunjwa lina faida isiyosemwa: linasafiri limekunjwa vilevile ndani ya bahasha kubwa, kwa bei ya barua nzito. Kabla ya yote uliza forodha watakutoza nini, na muuzaji aandike thamani ya kweli.

Lakini filamu ina mlango ambao roki haina. Miji yetu ilikuwa na sinema: Majestic kule Vuga, Zanzibar, Empire, Empress na Odeon Dar, Regal Mombasa. Filamu za Kihindi zilijaza viti, na mabango yake ya Bombay, yaliyotokana na michoro ya mkono, mashavu ya waridi na machozi makubwa kama embe, yalibandikwa hapa hapa. Kama babu yako au jirani yake aliwahi kuwa fundi mitambo au mkata tiketi, uliza kwa adabu kuna nini juu ya kabati.

Nani aende wapi

Kama unakaa chumba kimoja na unahama kila mwaka, nenda na roki ndogo au kadi zake za posta, au kadi za ukumbini upande wa filamu.

Kama wewe ni mtu wa kulinganisha vitu vidogo, mwenye kufurahia kujua kwa nini karatasi hii ina uzito kuliko ile, roki itakulisha miaka. Kama jambo hilo linakuchosha, utaibiwa. Nenda filamu, ambako futi na namba ya chini vinakujibu mengi.

Kama unapenda mchoro wenyewe wala hujali jina, Poland kwanza, kisha chapa za baadaye za Wilson na Moscoso. Kama unataka kitu wageni wakiingia sebuleni wakitambue kabla hawajakaa, hilo ni bango la filamu maarufu, na ujiandae kulilipia.

Kama unafikiria faida ya pesa, nunua kimoja kizuri badala ya kumi vya kawaida, upande wowote, na kwa roki kiwe chapa ya kwanza yenye karatasi za ushahidi.

Kama ulikulia kwenye filamu za Kihindi na roki unaisikia redioni tu, usijilazimishe. Anza na lile bango ulilolisimamia nje ya sinema ukiwa huna nauli ya kurudi, ulitafute kwa jina lake, na ukilipata pitisha kidole juu ya mkunjo kabla hujatoa hela.